Kutwika na Kutua

 Popote ulipo, jikoni ukichambua mchele, barazani na majirani, au kwenye kiti cha daladala ukirudi nyumbani, naomba unipe sikio lako kwa muda mfupi.

Leo nataka tuzungumze habari ya kunyanyua vyuma. Wapo watakaosema huo ni mchezo wa mabaunsa, vijana wa kujazia kifua na mikono ili wasimame milangoni mwa kumbi za starehe. Nisikilize kwanza. Mchezo huu nimeupenda kwa zaidi ya miaka 30, na kila ninapotafuta mapenzi hayo yalianzia wapi, picha inayonijia si ya chuma. Ni ya baba yangu akiweka gunia chini.

Baba alikuwa hamali. Tuliishi Tanga, na kazi yake ilikuwa sokoni na kwenye maghala. Alfajiri akishaswali anakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa jana, anajifunga shuka kiunoni, anaondoka. Akibeba magunia ya mchele, magunia ya mahindi, mifuko ya saruji ya kilo 50. Hakuwa mtu wa umbo. Ungepishana naye njiani ungedhani ni fundi cherehani au mwalimu wa chuo cha Kurani. Lakini nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, nikifika nasimama pembeni ya ghala kumtazama, na jambo moja nililiona mapema hata kabla sijajua kulisema: baba alikuwa hatupi mzigo.

Wenzake wengine wakifika penye rundo, wanaliachia gunia lianguke kwa kishindo, vumbi linatimka, na mara moja moja gunia linapasuka. Baba akifika, anapiga goti kidogo, anageuza bega, gunia linateremka mgongoni mwake taratibu mpaka linakaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajichosha hivyo, na huku kuangusha ni rahisi zaidi. Akanijibu, "Mzigo wa mtu hutuliwa, mwanangu. Kutupa hata mtoto anaweza."

Hebu tulitazame neno hilo, kwa sababu Kiswahili chetu kimelala ndani yake. Tuna neno kutwika, yaani kumpandishia mtu mzigo kichwani au begani. Tuna neno kutua, yaani kuuteremsha. Mama akitoka kisimani na ndoo iliyojaa, mtu humtwika, na akifika nyumbani mtu humtua. Ndiyo maana kauli ya kumtua mama ndoo kichwani, iliyotumiwa Tanzania katika kampeni za maji, iliingia mioyoni mwa watu upesi. Haikuhitaji kufafanuliwa. Kila mmoja wetu amewahi kumwona mama amesimama mlangoni, shingo imekaza, maji yanamchuruzika usoni, anaita ndani kwa sauti ya chini: njooni mnitue.

Na kutoka katika kutua, lugha ikazaa kutulia. Kutoka katika kutulia, ikazaa utulivu. Wazee waliotuachia maneno haya walijua kwamba mtu hawezi kutulia mpaka awe ametua. Katika mnyororo huo wa maneno matatu ndimo ninapouona moyo wa mchezo ninaoupenda, na ndimo ninapoyaona malezi ya nyumbani kwetu.

Nilianza kunyanyua vyuma nikiwa na umri wa miaka 14. Ninasema vyuma, lakini chuma chenyewe kilikuwa kimoja tu, bomba la maji lililochakaa. Kila upande tulichomeka debe la rangi lililojazwa zege. Ulikuwa uwanja wa mchanga chini ya mwembe, nyuma ya gereji. Aliyetufundisha alikuwa mzee mmoja aliyepata kuwa askari, nasi tulimwita Mwalimu. Hakutudai hata senti. Sharti lake lilikuwa ufike kwa wakati, usalimie kila uliyemkuta, na ukimaliza urudishe vifaa mahali ulipovikuta. Kijana asiyesema shikamoo kwa wakubwa hakuguswa na mtu, ila bomba hakupewa.

Siku moja tulipanga kushindana. Nilitaka sana nionekane. Basi nilipokuwa nikitengeneza madebe mapya, katikati ya zege nikaingiza mabunzi ya mahindi na pumba, juu nikasawazisha kwa saruji vizuri, mtu asitambue. Siku ya mashindano nikalinyanyua bomba lile mbele ya watoto wa mtaa mzima. Wakashangilia. Nikaliachia chini kwa kishindo, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya.

Baba alikuwa amesimama kando ya njia, amerudi kazini mapema. Hakusema neno. Hakuniaibisha mbele za watu, na hilo nalihesabu miongoni mwa mambo makubwa aliyonitendea. Usiku, baada ya kula, aliniita barazani. Akasema, "Debe lako limelia."

Nikanyamaza.

"Zege halilii vile. Mimi sikio langu limezoea vitu vizito vikitua. Sasa niambie. Mimi nikimdanganya mwenye mzigo, kesho hanipi kazi. Wewe leo umemdanganya nani?"

Sikuwa na jibu. Msikilizaji, hata leo nikikumbuka swali lile naona joto usoni. Wenzangu nilikuwa nimewahadaa, ndiyo, lakini bega langu lilijua. Asubuhi yake nilikwenda chini ya mwembe, nikayapasua madebe yale mbele ya Mwalimu, nikawaambia wenzangu ukweli. Mwalimu akanipa mfuko wa saruji uliobakia nusu, akasema, "Jaza upya." Hakuongeza.

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini chuma kilinishika roho. Chuma hakimjui mtoto wa tajiri wala mtoto wa hamali. Kilo 20 ni kilo 20 Tanga, ni kilo 20 Tokyo. Huwezi kukibembeleza, huwezi kukihonga, na asubuhi ukiamka hujalala vizuri, kinakuambia. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya ukweli anakipenda kwa sababu kinasema lugha ya nyumbani kwao.

Huenda hujapata kuyaona mashindano yenyewe, basi nikupigie picha. Minyanyuo ni miwili. Wa kwanza, mchezaji anakivuta chuma kutoka sakafuni na kukifikisha juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, mikono imenyooka. Wa pili una hatua mbili: kwanza anakipandisha hadi mabegani, anasimama, anavuta pumzi, kisha anakisukuma juu. Kila mnyanyuo una majaribio 3. Fimbo ya chuma peke yake ina kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake, kabla hujaongeza kitu. Na uzito ukishapandishwa kwenye shindano hauteremshwi tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Mbele ya mchezaji wanakaa waamuzi 3, kila mmoja na taa yake, nyeupe au nyekundu. Sasa hapa ndipo pananigusa. Kufikisha chuma juu hakutoshi. Lazima usimame imara, miguu kwenye mstari mmoja, mwili umetulia, na usubiri ishara. Ishara ikija, ndipo unateremsha. Na hata hapo kanuni hairuhusu kuachia ovyo: mikono isibanduke kwenye chuma mpaka kiwe kimepita chini ya mabega. Ukikitupa kutoka juu, unyanyuaji wako haukubaliki, hata kama ulikuwa na nguvu za simba.

Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Maneno ya baba yangu, mtu asiyepata kukanyaga ukumbi wa michezo, yalikuwa yameandikwa kwenye kanuni za dunia. Mzigo hutuliwa.

Sasa nikuchukue mbali kidogo, hadi Ufilipino, katika mji wa Zamboanga kusini mwa nchi ile. Huko alizaliwa mwaka 1991 binti anayeitwa Hidilyn Diaz. Baba yake alikuwa dereva wa pikipiki ya kubebea abiria, ile yenye kiti cha pembeni, na pia akilima na kuvua samaki. Watoto walikuwa 6. Binti huyu alikua akibeba maji na kusaidia kuuza mboga na samaki, na aliyemwonjesha mchezo wa vyuma alikuwa binamu yake. Vifaa vyake vya kwanza vilikuwa mabomba ya plastiki na magurudumu ya zege yaliyotengenezwa nyumbani. Niliposikia habari ya zege lile, nilijiona chini ya mwembe wetu.

Akiwa na miaka 17 alipelekwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Mwaka 2012, London, alibeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi, lakini ilipofika zamu ya ulingoni, akashindwa majaribio yake yote 3 ya mnyanyuo wa pili. Katika mchezo huu, ukikosa yote 3 huandikiwi jumla yoyote. Ni kama hukufika. Fikiria safari ya kurudi nyumbani baada ya hapo. Wapo ambao wangetundika mkanda ukutani. Yeye alishuka uzani, akajipanga upya, na Rio mwaka 2016 akapata medali ya fedha.

Kisha ukaja mwaka 2020. Alikuwa amekwenda Malaysia kujiandaa, korona ikafunga mipaka na kumbi za mazoezi. Akawa mgeni katika nchi ya watu, mbali na wazazi wake, hana hata chuma cha kunyanyua. Akachukua mti, akatundika mitungi mikubwa ya maji kila upande, akaanza kunyanyua maji. Mtoto aliyekua akibeba maji nyumbani kwao, ukubwani akarudi kwenye maji yale yale.

Tarehe 26 Julai 2021, Tokyo, uzani wa kilo 55. Anashindana na Liao Qiuyun wa China, bingwa wa dunia wa mwaka 2019. Katika mnyanyuo wa kwanza wote wawili wamefikisha kilo 97. Katika wa pili Liao amemaliza na kilo 126. Hidilyn amebakiwa na jaribio moja, na kwenye chuma wameweka kilo 127. Uzito huo hajapata kuunyanyua katika mashindano. Anakipandisha mabegani. Anasimama. Anakisukuma juu, mikono inanyooka, anatulia. Taa zinawaka nyeupe. Chuma kinashuka, naye anaufunika uso kwa mikono, analia. Jumla kilo 224 dhidi ya 223. Ufilipino ilianza kushiriki Olimpiki mwaka 1924, na hiyo ndiyo dhahabu yao ya kwanza. Imepatikana kwa tofauti ya kilo moja, uzito wa pakiti moja ya unga dukani.

Nguvu peke yake haileti kilo ile ya mwisho. Naamini ililetwa na nyumba ambayo mtoto alifundishwa kubeba maji kwa sababu nyumbani maji yanahitajika, sio kwa sababu kuna mtu wa kumpigia makofi. Mtoto wa namna hiyo akikutana na uzito mkubwa haulizi nitapata nini. Anauliza mzigo uko wapi na unakwenda wapi.

Msikilizaji, siwezi kuusifia mchezo huu na kuficha kidonda chake. Kidonda hicho ni dawa. Unyanyuaji uzito umechafuliwa sana na dawa za kuongeza misuli na nguvu, na umeondolewa heshima mbele ya dunia kwa ajili hiyo. Nitakupa kisa cha Christine Girard wa Kanada. Beijing 2008 alishika nafasi ya nne, akarudi nyumbani mikono mitupu. London 2012 akapata shaba. Miaka ikapita, akaacha mashindano, akazaa watoto 3. Kisha sampuli za zamani za wachezaji zilizohifadhiwa zikapimwa upya kwa mitambo bora zaidi. Wanawake wawili waliomtangulia London wakakutwa na dawa, na mmoja wa waliomtangulia Beijing vilevile. Mwishoni mwa mwaka 2018, mjini Ottawa, mama wa watoto watatu alivishwa shaba ya Beijing na dhahabu ya London. Akawa Mkanada wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu.

Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini nilikaa nikaiwaza ile miaka 6 na ile miaka 10. Miaka ambayo hakuna aliyejua kwamba yeye ndiye bingwa, na hakuna aliyemwahidi kwamba ukweli ungetokea siku moja. Alichokuwa nacho muda wote huo ni kwamba debe lake halikulia. Na waliomtangulia, hata kabla ya vipimo, mabega yao yalijua.

Nasema haya kwa sababu yapo mitaani kwetu. Leo vijana wengi wanaingia jimu Januari na wanataka ifikapo Aprili shati limebana mikono. Anatokea mtu anawauzia sindano na vidonge visivyo na daktari nyuma yake. Dawa hizo zinaumiza moyo, zinaumiza ini, na zinaweza kumwondolea mwanaume uwezo wa kuzaa. Kijana anaingia humo kutafuta uanaume, na uanaume wenyewe ndio anaouweka rehani. Wazazi, msiishie kuuliza mtoto anakwenda wapi jioni. Muulizeni anakula nini, anakunywa nini, na nani anamfundisha. Na ninyi walimu wa jimu, kijana aliyewaamini mgongo wake ni amana.

Kuna jambo jingine ambalo sina ruhusa ya kulipita, kwa kuwa mimi ni mtoto wa hamali. Mimi nabeba chuma kwa kupenda. Najua kilo zake, naongeza moja baada ya nyingine, nikichoka napumzika, nikiumia naacha. Baba hakuwa na uchaguzi huo. Alipokuwa katika miaka yake ya hamsini, magunia yalianza kuja yakiwa na vilemba. Unaijua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kichwa kingine juu, mkulima analipwa gunia moja na hamali anabeba gunia moja na nusu kwa ujira wa moja. Sheria ya vipimo Tanzania inaikataza lumbesa. Na tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa mtu mzima mwanaume, anaoubeba kwa mwili wake, usizidi kilo 55. Baba alibeba mara mbili ya hapo. Akikataa, nyuma yake wapo vijana watatu wanaosubiri.

Kiuno kikamwisha. Miaka yake ya mwisho akiinuka kutoka kwenye mkeka alihitaji mkono wa mtu. Ndiyo sababu nikisikia mtu anasema mahamali wana nguvu kwa hiyo waache wabebe, nafsi yangu inakataa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama begani kwa mwingine unaona kama umejaa sufi, mwepesi, unapepea. Mchezo wa vyuma unapaswa kututibu ugonjwa huo. Mtu aliyepata kusimama na kilo 100 mabegani kwa sekunde 10 tu, akitoka jimu na kumwona mzee anasukuma mkokoteni kwenye mteremko, atakuwa hajajifunza chochote kama atapiga honi. Nguvu iliyolelewa nyumbani humsogelea aliyelemewa.

Na sisi watu wa pwani tulilijua hilo zamani. Neno harambee, kabla Mzee Jomo Kenyatta hajaliinua kuwa wito wa taifa la Kenya mwaka 1963, lilikuwa sauti ya wachukuzi wa pwani wakivuta kitu kizito kwa pamoja. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kwenye itikio ndipo mikono yote inavuta. Mwenye sauti hakuwa lazima awe mwenye nguvu kuliko wote. Alikuwa anayejua pumzi za wenzake.

Baba alifariki siku ya Alhamisi, tukamzika Ijumaa. Mahamali wenzake walikuja wote, wengine wamevaa zile zile shuka za kazini. Unajua desturi yetu: jeneza halibebwi na watu wanne mpaka mwisho. Kila mtu anatoa bega, anatembea hatua chache, anampisha mwingine, na jeneza linakwenda juu ya watu kama mashua juu ya maji. Njia nzima sikusikia kishindo. Tulipofika kaburini, wazee wawili miongoni mwao waliingia chini kumpokea, nami nikiwa wa tatu. Nikaona mikono yao. Mikono ile iliyobeba magunia kwa miaka 40, ilivyompokea na kumweka, hata vumbi halikutimka. Mmoja wao akasema kwa sauti ndogo, kama anayesema na mtu aliye hai, "Tumekutua, ndugu yetu."

Basi, msikilizaji, mwaka jana binti yangu, ana miaka 16, alikuja akaniambia anataka kujifunza kunyanyua vyuma. Nilifurahi, lakini katika nyumba yetu mambo ya mtoto hayaamuliwi na mtu mmoja. Tukakaa, mimi, mama yake, na mama yangu mzazi, ambaye sasa anakaa nasi. Nilijua hofu zitakazotajwa, kwa kuwa mtaani zinatajwa kila siku: mtoto wa kike atakuwa na mwili wa kiume, hatapata mume, hatazaa. Nikajiandaa na majibu yangu. Nikamweleza mama habari ya Christine Girard na watoto wake 3. Nikamweleza habari ya Dika Toua wa Papua New Guinea, aliyekuwa katika kundi la wanawake wa kwanza kabisa kunyanyua uzito kwenye Olimpiki, Sydney mwaka 2000, akazaa watoto, akarudi ulingoni, na mwaka 2021 alikuwa Tokyo kwenye Olimpiki yake ya tano.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo ya kuzaa ni ya Mungu. Mimi nimebeba ndoo tangu nina miaka 7 na nimewazaa ninyi 5. Swali langu ni moja. Kumtwika mnajua. Nani atakuwepo kumtua?"

Sebule nzima ikanyamaza. Swali hilo halikuwa miongoni mwa majibu yangu.

Nalileta kwako jioni hii, wewe mzazi. Tunawatwika watoto wetu mengi: mitihani, majina yetu, ndoto zetu tulizoshindwa kuzifikia, deni la kaka yao, heshima ya ukoo. Tunafurahi wakisimama nayo wima. Je, siku shingo ikikaza, mtoto akasimama mlangoni akaita kwa sauti ya chini, yupo mtu ndani? Mtoto anayejua kwamba yupo atathubutu kunyanyua kilo ile ya mwisho. Asiyejua atautupa mzigo njiani, au ataubeba mpaka umvunje, wala hatakuambia.

Nilimjibu mama kwamba nitakuwepo. Tukaanza na fimbo ya ufagio, mwezi mzima, kufundisha mwili njia. Kisha mabomba matupu. Wiki tatu zilizopita, kwa mara ya kwanza, nilimkabidhi fimbo halisi ya kilo 15, uani kwetu, mama yangu amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Binti alijipanga, akavuta, chuma kikapanda juu ya kichwa chake. Mikono ilitetemeka, kisha ikatulia. Akasimama ananitazama, akisubiri nimwambie chini.

Sikutoa ishara upesi. Nilitaka aujue utulivu ule, auone kuwa ni wake. Kisha nikasema, "Tua."

Alikishusha kifuani, akakishusha mapajani, akapiga goti, akakiweka juu ya mchanga. Hakikulia. Mama yangu alikuwa ameacha mchicha, anatazama kile chuma kilicholala pale chini, na najua alikuwa anamwona nani.

Msikilizaji wangu, muda wetu umetosha. Kesho ukitoka nyumbani utakutana na mtu amelemewa. Mtue. Na wewe ukilemewa, usione aibu kuita.